Darasa la Kuona

Naitwa Sijaona. Mama alinipa jina hilo kwa sababu zake, akafa kabla sijamuuliza ni zipi. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, au arobaini, inategemea unavyohesabu, nilipofundishwa kuona. Nataka kusimulia nilivyofundishwa, nani alinifundisha, na yale niliyoyaona yalimpeleka nani wapi. Nitasimulia moja kwa moja. Nimechoka na maneno ya kuzunguka.

Nimesema inategemea unavyohesabu kwa sababu katika mji wetu kuna mwaka mmoja uliofutwa. Ulikuwa mwaka wa homa. Watoto waliungua siku tatu, siku ya nne wakapoa, na kule kupoa ndiko kulikokuwa kufa. Homa ilipoingia wiki ya pili, hospitali pekee tuliyokuwa nayo ilifunga lango kwa amri ya Jengo la Juu, na kina mama waliofika na watoto mgongoni walikuta kufuli na askari. Mwaka ule ulipokwisha, Jengo la Juu likatangaza kwamba haukuwapo. Kalenda zilichapwa upya. Aliyekuwa na miaka thelathini kabla ya homa alibaki na thelathini baada yake. Waliooana mwaka ule waliamriwa wafunge ndoa tena, na wapo walioitumia nafasi hiyo wakaondoka zao kimya kimya. Saa ya mnara wa soko ilisimamishwa siku tisa ili, walisema, wakati upate kujirekebisha. Tulicheka. Kisha tukazoea. Binadamu huzoea kitu chochote akiambiwa kila asubuhi.

Binti yangu Tausi alizaliwa mwezi wa pili wa mwaka ule, akafa mwezi wa tisa.

Baada ya tangazo nilikwenda ofisi ya vizazi na vifo kuomba cheti chake. Karani niliyemjua, Bwana Nasibu, aliyeandika jina la Tausi kwa mkono wake mwenyewe huku akinipongeza, hakuwapo. Watu walinong'ona kwamba alikuwa ametoroka na daftari la mwaka ule, na kwamba Jengo la Juu lilikuwa likimsaka kwa sababu ndani ya daftari hilo mlikuwa na majina ya watoto wote, siku waliyozaliwa na siku waliyokufa. Karani mgeni alinitazama akasema, "Mama, huyo hajazaliwa." Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu anayekuambia duka bado halijafunguliwa.

Kuanzia hapo niliacha kuona. Sisemi kwamba nilipofuka. Macho yangu yalipita juu ya vitu kama maji yanavyopita juu ya sahani yenye mafuta. Nilifanya kazi kwa dobi mmoja, nikipiga pasi sare za makarani na askari, na jioni kama ungeniuliza nimepiga pasi nguo za rangi gani, nisingeweza kukujibu. Ndugu yangu Mbaruku, mdogo wangu wa pekee, alinialika kwake kila Ijumaa. Nilikula, nikaondoka, nisijue nimekula nini. Nadhani nilijiambia hivi: ikiwa kilichokuwapo kinaweza kuambiwa hakikuwapo, kuna haja gani ya kukitazama kilichopo?

Miaka minne ikapita. 

Kisha akaja Mwalimu Ngwali. Alikuwa mwembamba, mpole, na kabla ya kila somo alimenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda likatoka uzi mmoja mrefu, naye chungwa lenyewe akampa mmoja wetu. Yeye hakulila kamwe. Alifungua darasa katika jengo la posta ya zamani, alasiri baada ya kazi, na tangazo lake ukutani lilikuwa na maneno matatu tu: NJOO UJIFUNZE KUONA. Nilikwenda kwa sababu ya jina langu. Nilidhani ni mzaha, na nilikuwa sijafanyiwa mzaha siku nyingi.

Tulikuwa kumi na wawili. Siku ya kwanza aliweka mezani mbuzi ya kukunia nazi, kuukuu, ya mti mweusi.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Mbuzi," tukajibu.

"Analia vipi?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. "Mmeona? Mmelitazama jina, kitu hamkukiona. Jina ni kifuniko. Kiondoeni, mniambie kilichobaki."

 Nilitazama. Mwanzo niliona mbuzi, kisha mbuzi, kisha mbuzi. Halafu jina likachoka, likaondoka. Palibaki ubao uliobonyea upande wa kushoto kuliko wa kulia, wenye ulimi wa chuma, na meno ya ulimi yalikuwa yameisha katikati na kubaki makali pembeni.

"Kimeliwa upande wa kushoto," nilisema.

"Vizuri."

"Aliyekikalia alikuwa na maumivu ya nyonga, kwa hiyo—"

"Hapana." Aliinua kidole. "Hapo umeacha kuona. Hapa hatusemi kwa hiyo. Hapa hatuulizi kwa nini. Anayeuliza kwa nini anaanza kujisimulia hadithi. Kazi yenu ni kuona, Bi Sijaona. Kufasiri waachieni wengine."

Kufasiri waachieni wengine. Nililiandika kwenye daftari langu nikalipigia mstari. Nilidhani ni hekima. Ilikuwa hekima. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo.

Sijui nieleze vipi miezi iliyofuata. Nilirudishiwa dunia kitu kimoja kimoja. Kazini nilianza kuona kwamba shati la karani hulika kwenye kiwiko na shati la askari hufifia begani, pale mkanda wa bunduki unapopita, na kwamba askari mmoja, sikumjua ni nani, alishona vifungo vyake mwenyewe kwa uzi wa buluu. Niliona mvuke wa pasi hauendi juu moja kwa moja. Hujikunja kwanza kama unaangalia nyuma. Niliona ufagio, ndoo, kiberiti. Niliona beseni. Lilikuwa uvunguni mwa kitanda changu miaka yote hiyo, na ndani yake, kwenye kimo cha mkono, palikuwa na mstari wa sabuni iliyoganda. Ni maji ya nani yaliishia pale? Mimi mtu mzima sikuogea katika beseni lile. Nilikaa sakafuni nalo mapajani nikalia kwa mara ya kwanza. Kilio kile kilikuwa na furaha ndani yake, kwa sababu Jengo la Juu lilisahau kufuta beseni.

Siku iliyofuata nilimweleza mwalimu habari za Tausi. Kulitaja jambo la mwaka ule kulikuwa kosa, na alijua kwamba ninajua. Hakushtuka. Aliuliza swali moja tu.

"Masikio yake yalikuwaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Watu wenye huruma waliniuliza kama nalala, kama nakula. Nikamwambia sikio la kushoto lilikuwa limejikunja juu, kama jani lililoanza kufunguka likasita. Alifumba macho akinisikiliza. Halafu akaniambia, "Sasa na mimi nimemwona."

Kwa hiyo nilimpenda. Simaanishi mapenzi ya mwanamume na mwanamke. Nilimpenda kama unavyompenda mtu aliyekushika mkono ukivuka mahali penye utelezi. Lau angeniomba figo ningempa. Hakuniomba figo. Aliniomba insha.

"Somo la mwisho," alituambia. "Nendeni kwenye nyumba mnayoipenda, isiwe yenu. Kaeni humo kutwa. Andikeni mlichokiona. Msimwambie mwenye nyumba, maana mtu akijua anatazamwa, vitu vyake navyo hujua."

Nilikwenda kwa Mbaruku. Ilikuwa Ijumaa. Salha, mke wake, alinipokea kama kawaida. "Karibu wifi, leo umewahi!" Akafungulia redio. Nikaona kwamba kila nifikapo hufungulia redio, na kila niondokapo huizima nikiwa bado kwenye ngazi. Niliona mambo mengi siku hiyo, na kila jambo lilikuwa zawadi. Niliona miswaki mitatu ndani ya kopo. Niliona kandambili zikikauka nyuma ya nyumba, ndefu kuliko mguu wa Mbaruku. Niliona sakafu mbele ya kabati la nguo imekwaruzika nusu duara, kana kwamba kabati zima hufunguka, si mlango wake. Niliona Salha akipakua wali kwenye sahani nne, kisha akakumbuka, akairudisha sahani moja jikoni ikiwa imefunikwa. Mimi, Mbaruku, Salha. Sahani nne.

Msomaji tayari ameelewa. Mtoto angeelewa. Mimi sikuelewa, naapa sikuelewa, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi bora katika darasa. Kila swali la kwa nini liliponijia, nililifukuza kama nzi. Niliandika kurasa sita. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile, na sitaandika tena.

Mwalimu Ngwali alizisoma mbele yangu, amesimama karibu na dirisha. Alipofika mwisho alirudia ukurasa wa nne.  Niliona jinsi karatasi ilivyotoa sauti ya mvua ndogo mkononi mwake. Sikuuliza kwa nini.

"Leo umeona," alisema. "Leo jina lako limekuwa uongo."

Nilikwenda nyumbani nikitembea kama bibi harusi.

Walikuja Jumapili, saa nne asubuhi, jua limewaka, watu wapo sokoni. Nilikuwa kwa dobi. Mwenzangu aliingia akikimbia akasema kuna gari la Jengo la Juu mtaa wa kwa ndugu yako. Niliacha pasi juu ya shati la mtu.

Nilipofika, gari lilikuwa limeondoka. Mlango ulikuwa wazi. Kabati la nguo lilikuwa limesukumwa pembeni, na nyuma yake palikuwa na tundu kwenye ukuta, na nyuma ya tundu chumba chembamba chenye kitanda cha kamba, taa, na rafu moja tupu. Salha alikuwa amekaa chini, kanga imeanguka kutoka begani, haiokoti.

"Wifi, Mbaruku yuko wapi?"

"Wamemchukua." Alizungumza taratibu mno. "Wamemchukua yeye na Mzee Nasibu."

"Nasibu gani?"

"Nasibu wangapi unawajua? Karani. Tulikuwa naye miaka minne, humo ndani."

Niliketi. 

"Na daftari?" niliuliza.

"Wameliangalia, wakalichukua." Hapo akainua uso. "Jina la Tausi lilikuwa ukurasa wa kumi na tisa. Saa aliyozaliwa. Uzito wake. Mzee Nasibu alikuwa akiyasoma yale majina yote kila asubuhi kwa sauti ndogo, asije akasahau hata kama daftari likipotea. Siku moja alikusikia ukikohoa sebuleni, akaniuliza, huyo si mama yake Tausi? Kila mwaka tulisema tutamwambia Sijaona. Kila mwaka Mbaruku akasema ngoja, dada bado hayuko sawa, atamwambia mtu."

Nililitazama tundu la ukuta.

"Walikwenda kwenye kabati moja kwa moja, wifi. Hawakupekua kitu kingine. Walijuaje?"

Ningeweza kunyamaza. Nilitazama kanga yake sakafuni, nikaona pindo lake limefumuka, nikaona bado naona. Nikamwambia.

Salha hakupiga kelele. Alisimama, akaokota kanga, akajifunga vizuri kama mtu anayekwenda msibani. "Toka," alisema. "Toka kwangu kabla hujatazama kitu kingine."

Nilimkuta Mwalimu Ngwali kwenye posta ya zamani akikunja nguo na kuzipanga kwenye begi. Sidhani alikuwa akinikimbia. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Juu ya meza palikuwa na insha kumi na mbili zimefungwa kwa kamba, na yangu ilikuwa juu.

"Umewapa," nilisema.

"Nimewapa nakala. Hizi nabaki nazo mimi." Akasita. "Yako ndiyo nzuri kuliko zote nilizopata kusoma. Katika miji yote."

Katika miji yote!

"Ulinidanganya."

"Wapi?" Aliuliza kwa upole uleule, kama angali anafundisha. "Nionyeshe mahali nilipokudanganya, Bi Sijaona. Nilikuambia utajifunza kuona. Hukujifunza? Nilikuambia kufasiri uwaachie wengine. Nilikuficha kwamba wengine wapo?"

"Nilikuambia habari za mwanangu."

"Na sikumwambia mtu. Habari za mwanao ziko hapa." Akagusa kifua chake, na kibaya zaidi ni kwamba niliona hasemi uongo.

"Kwa nini?" Nililisema kwa sauti kubwa, lile neno ambalo hatukuruhusiwa kulisema mle ndani. "Kwa nini?"

Aliketi juu ya meza. Bila darasa mbele yake alionekana mdogo. "Nilifundisha hesabu miaka ishirini," alisema. "Watoto hawakunisikiliza, walimu wenzangu walinicheka. Nilikuwa na jambo hili moja kichwani, kwamba watu wanaweza kufundishwa kuona. Nililipeleka shuleni, nikalipeleka misikitini, makanisani, kwenye magazeti. Kisha watu wa Jengo la Juu wakaniita wakaniuliza, unaweza kweli? Nikasema naweza. Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza."

"Basi?"

"Basi. Unataka niwe na sababu kubwa zaidi?"

Nilitaka. Nilitaka awe amelazimishwa, au ana mtoto kifungoni, au ni mwovu wa kuzaliwa. Mtu aliyesalitiwa hutaka angalau usaliti uwe na kimo. Lakini alikuwa mtu aliyefurahi kuulizwa swali, kama nilivyofurahi mimi nilipoulizwa habari za masikio. Nilinyoosha mkono nikachukua insha yangu. Hakunizuia. Nilipokuwa mlangoni alisema, "Usiache kutazama, tafadhali." Niliichana barabarani, vipande vidogo, nikijua kuna nakala.

*

Kuna jambo ambalo sijalimaliza na sitalimaliza. Jicho si langu. Nilipewa na mtu aliyenitumia, na kila ninachokiona kizuri ninakiona kwa jicho lake. Je, nilirudishe? Kwa nani? Nilijaribu kutoona tena. Nilitembea nimeinamisha kichwa, na chini nikaona mchanga una rangi saba. Nilifumba macho, nikaona wekundu wa kope zangu. Ningekuwa nimefundishwa uongo ningeutupa. Ukweli ukishakuingia hautoki, hata ukiletwa na mkono mchafu.

Mzee Nasibu hakurudi. Jengo la Juu lilisema hakuwahi kuwapo.

Mbaruku alirudi baada ya miezi minane, siku ya Jumanne, akitembea, amekonda, anachechemea. Siku ya tatu alituma jirani aniite. Salha alinifungulia mlango bila salamu akarudi jikoni. Redio haikufunguliwa. Ndugu yangu alikuwa amekaa kwenye kiti kilichotazama ukuta mpya ulioziba tundu, ambao ulikuwa bado haujapakwa chokaa.

"Kaa, dada."

Nilikaa. Nilikuwa nimejiandaa miezi minane, na maneno yote yakanitoroka. "Mbaruku, ni mimi."

"Najua. Walinisomea."

"Walikusomea?"

"Kurasa zote sita. Mara nyingi. Walikuwa wakisoma mstari mmoja, kisha wananiuliza maswali, kisha mstari mwingine. Mwisho nikazikariri." Alitabasamu kidogo, na jino moja la mbele halikuwapo. "Nilipokuwa peke yangu nilijisomea mwenyewe. Sikuwa na kitu kingine cha kusoma. Ilikuwa kama kurudi nyumbani. Kila kitu kilikuwamo."

"Nisamehe."

"Sijui, dada. Sijafika huko." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayetaja umbali. "Lakini kuna mahali uliandika kwamba Salha akipita nyuma yangu hunigusa bega kwa vidole viwili, kila mara, bila mwenyewe kujua. Nimekaa naye miaka kumi na mitatu. Sikuwahi kulijua hilo. Askari alinisomea, nikalijulia kule."

 Jikoni sufuria zilikuwa zimenyamaza. Salha alikuwa akisikia.

Baadaye kidogo alitoka kuchukua sinia lililokuwa mezani. Njia ilikuwa moja tu, nyuma ya kiti cha mume wake. Mbaruku hakugeuka, ila niliona bega lake la kulia limeinuka kidogo, linangoja. Na mimi nilitazama, Mungu anisamehe, nilitazama. Salha alituona sote wawili tunangoja. Akapita, mkono wake ameubana kifuani.